BWANA SABUNI: MAISHA YA WILLIAM LEVER

Kila mwaka jarida letu huwa na maisha ya mtu mashuhuri, na aghalabu huwa ni mwanasiasa, malenga au mkimbiaji wa mbio ndefu. Mwaka huu nimeonelea nikuletee mtu ambaye jina lake huenda hulijui, ingawa mali yake umeishika tangu ulipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Ni William Hesketh Lever, Mwingereza aliyeanzisha kampuni ambayo baadaye ilizaa Unilever.

Kama umewahi kutumwa dukani ukanunue Omo, ukarudi na sabuni ya unga ya kampuni nyingine kabisa na mama asiseme neno, basi ushaelewa jinsi mkono wa mtu huyu ulivyofika mbali. Ile mikebe ya gorogoro inayopimia mahindi sokoni, mingi yake ilianza maisha ikiwa na mafuta ya Kimbo yaliyotengenezwa Nairobi na East Africa Industries, kampuni ya ukoo huohuo wa Unilever. Na Blue Band je? Sisi wa bweni hatuna haja ya kuelezwa.

Lever alizaliwa tarehe 19 Septemba 1851 katika mji wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya pamba na moshi mwingi. Baba yake, James Lever, alikuwa mwenye duka la vyakula, mtu wa kanisa na asiyependa mzaha na kazi. Watoto walikuwa kumi, na William alikuwa wa saba lakini ndiye mvulana wa kwanza. Unajua mwenyewe maana yake katika nyumba kama hiyo. Alipofika miaka 16 aliacha shule akaingizwa dukani, na kazi yake ya kwanza ikawa kukata sukari na sabuni na kuzifunga kwa karatasi. Siku hizo sabuni ilikuja kwa mche mrefu usio na jina, mwenye duka akaukata kwa kisu na kupima kwa ratili. Hapa kwetu, maduka ya mashambani bado hukata mche wa sabuni namna hiyohiyo, na kila mnunuzi huamini kuwa kipande cha mwenzake ndicho kikubwa.

Alipotimiza miaka 21 babake alimfanya mshirika katika biashara. Mwaka wa 1874 alimwoa Elizabeth Ellen Hulme, msichana aliyemfahamu tangu utotoni. Akawa akizunguka vijijini kwa gari la farasi akichukua oda za wenye maduka, na biashara ikapanuka. Angeweza kuridhika. Lakini wapi! Mwaka wa 1884, akiwa na miaka 33, aliamua kuachana na mayai na siagi ili ashughulike na sabuni tu.

Hapa ndipo nataka tutue kidogo, maana watu wengi hudhani kwamba tajiri huyu alivumbua sabuni. Hakuvumbua kitu. Alichofanya ni kuipa sabuni jina. Alimwendea mtaalamu wa alama za biashara mjini Liverpool, naye akamwandikia majina kadhaa kwenye karatasi, moja likiwa Sunlight. Lever aliiweka karatasi mfukoni, na ilichukua siku kadhaa kabla jina hilo kumkaa moyoni. Likaandikishwa. Mwaka uliofuata yeye na nduguye James walikodi kiwanda kidogo mjini Warrington, wakapata mkemia, William Hough Watson, aliyejua kutengeneza sabuni kwa kutumia zaidi mafuta ya mimea badala ya shahamu ya wanyama. Sabuni hiyo ilitoa povu kwa urahisi. Ikakatwa vipande vidogo vinavyoenea mkononi, kila kipande kikafungwa katika karatasi yake na kupigwa chapa. Kufikia 1888 kiwanda kilikuwa kikitoa karibu tani 450 kwa wiki.

Na matangazo, jamani! Bwana huyu alitangaza sabuni kana kwamba anatangaza ufalme. Aliahidi pauni 1,000 kwa yeyote atakayethibitisha kuwa sabuni yake ina uchafu uliochanganywa. Aliwapa zawadi wateja waliokusanya karatasi zake. Mwaka wa 1889 alinunua mchoro wa msanii maarufu William Powell Frith, mchoro wa kisichana kidogo kikionyesha gauni lake jipya, akaugeuza tangazo la Sunlight. Msanii alikasirika sana, lakini mali ilikuwa imeshauzwa.

Warrington pakawa padogo. Lever akanunua ardhi ya majimaji karibu na mto Mersey, mkabala na Liverpool, na mwezi wa Machi 1888 mkewe akachimba jembe la kwanza. Palijengwa kiwanda, na pembeni yake kijiji cha wafanyakazi kilichoitwa Port Sunlight. Ili uelewe ajabu yake, kumbuka kwamba wafanyakazi wa viwandani Uingereza wakati huo waliishi katika vichochoro vya giza, familia nzima chumba kimoja, na kipindupindu kilikuwa kimewapitia zaidi ya mara moja. Port Sunlight kulikuwa na nyumba zenye bustani, shule, hospitali, kanisa na ukumbi wa kulia chakula. Kufikia 1914 nyumba zilikuwa kama 800, zenye watu wapatao 3,500. Mwaka wa 1922 akafungua humo jumba la sanaa kwa kumbukumbu ya mkewe. Mpaka leo watalii huenda kulitazama.

Je, ulikuwa wema? Mimi nasema ulikuwa wema wenye kamba. Nyumba ilikuwa ya kampuni, kwa hivyo aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumbani. Hoteli ya kijiji ilianza bila kuuza pombe, maana mwenyewe hakuipenda. Wafanyakazi waliomwomba awagawie faida mkononi aliwajibu kwa majumba na bustani, akiamini kuwa fedha zile wangezila na kuzinywa tu. Hata hivyo haki yake tumpe. Mwaka wa 1909 alianzisha mpango wa kuwapa wafanyakazi hati za ushirika katika kampuni, na mwaka wa 1918 kilitoka kitabu chake akitetea siku ya kazi ya saa sita. Ni matajiri wangapi wa leo watakaothubutu?

Mwaka wa 1906 alichaguliwa kuwa mbunge wa chama cha Liberal, na mwaka huohuo akapata kashfa yake ya kwanza kubwa. Bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda. Lever alipunguza uzito wa kipande cha Sunlight kutoka wakia 16 hadi 15 huku bei ikibaki ileile, kisha akaungana na watengenezaji wenzake wakubwa ili wafanye biashara kama mkono mmoja na kupunguza gharama za matangazo. Magazeti, yaliyokuwa yakila kutokana na matangazo hayo, yalimrukia kama siafu. Gazeti la Daily Mail likaongoza, likimchora kama mnyang'anyi wa akina mama wafuaji. Mauzo yakaporomoka na muungano ukavunjika. Mwaka wa 1907 alilishtaki gazeti hilo mjini Liverpool, nalo likakubali kumlipa pauni 50,000. Fedha nyingine alizopata kwa kesi za namna hiyo alizipeleka Chuo Kikuu cha Liverpool, zikasaidia kuanzisha idara ya mipango ya miji. Lakini ile wakia moja mimi siisahau. Ukitazama mkate na maziwa ya siku hizi dukani, utaona kuwa mbinu ya kupunguza ujazo bila kugusa bei haijazeeka.

Sasa tufike Afrika. Sabuni ya Lever ilihitaji mafuta ya mawese, na mawese hayapatikani Bolton. Aliomba ardhi kubwa katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Magharibi, lakini maofisa walikataa, wakiona ni heri wenyeji waendelee kuvuna chikichi zao na kuziuza. Ndipo akageukia Kongo. Nchi hiyo ilikuwa imetoka mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili mwaka wa 1908, baada ya dunia nzima kupiga kelele juu ya mikono iliyokatwa na vijiji vilivyoteketezwa kwa ajili ya mpira. Ubelgiji ilihitaji mgeni mwenye sifa nzuri wa kuisafisha, na nani bora kuliko muuza sabuni mwenye kijiji cha bustani?

Mkataba ulitiwa sahihi mwezi wa Aprili 1911. Kampuni mpya, Huileries du Congo Belge, ilipewa maeneo matano ya duara, kila moja likiwa na kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni, na ndani yake ingechagua hekta 750,000 za michikichi. Chukua jiji zima la Nairobi, lizidishe mara kumi, na bado hujafika. Kwa upande wake, Lever aliahidi kujenga hospitali na shule katika kila eneo na kulipa ujira usiopungua senti 25 za Kibelgiji kwa siku. Makao makuu yalikuwa Lusanga, penye mto Kwilu, yakapewa jina la Leverville. Mwaka wa 1912 kipande cha kwanza cha sabuni iliyotokana na mafuta ya huko kilikabidhiwa Mfalme Albert wa Ubelgiji, kikiwa ndani ya kijisanduku cha pembe za ndovu.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Mchikichi wa porini ni mrefu kuliko jengo letu la madarasa. Mkataji huuparaga akiwa amejizungushia mshipi, panga mkononi, afike kileleni, akate mkungu wenye miiba na kuuangusha chini. Huko juu kuna nyoka na nyigu, na mshipi ukikatika ndiyo safari ya mwisho. Wanawake na watoto walibeba chikichi hadi mahali pa kupimia. Watu wa Kwilu walikuwa na mashamba yao, uvuvi wao na michikichi yao wenyewe, kwa hiyo wengi hawakuona sababu ya kumpandia mgeni mti kwa senti 25. Hawakutaka kwenda. Ndipo serikali ya kikoloni ilipoingia. Machifu walishurutishwa kutoa vijana, kodi ikatozwa kwa fedha ambazo zilipatikana kwa kampuni tu, na aliyetoroka alitafutwa, akafungwa au kupigwa mijeledi. Wenyeji walikatazwa kumuuzia mtu mwingine chikichi zilizoota katika ardhi ya babu zao, na bei ilipangwa na kampuni.

Sisi Wakenya tusiyasikilize haya kama hadithi ya mbali. Ni miaka ileile ambapo hapa kwetu Gavana Northey alitoa waraka wa 1919 akiwataka machifu wawahimize vijana kwenda kwenye mashamba ya walowezi, na baba zetu wakavishwa kipande shingoni.

Mwaka wa 1923 daktari wa serikali ya kikoloni, Emile Lejeune, alikagua eneo la Leverville akaandika taarifa ya kusikitisha kuhusu makao mabovu, chakula haba na wafanyakazi walioletwa kwa nguvu kutoka mbali. Taarifa hiyo ilikaa katika makabati miaka mingi. Aliyekuja kuichimbua pamoja na nyingine nyingi ni Jules Marchal, Mbelgiji aliyekuwa balozi, na kitabu chake kilitoka mwaka wa 2001. Kwa hivyo yeyote atakayeniambia kuwa ninamsingizia marehemu, nitamjibu kuwa karatasi ni za Wabelgiji wenyewe.

Lever alijua? Hili ndilo linalonisumbua. Alikwenda Kongo mara mbili, mwaka wa 1912 hadi 1913 akiwa na mkewe, na tena 1924 hadi 1925. Aliona hospitali zikijengwa, akaona reli na mitambo, akafurahi. Aliwahesabu Waafrika kama watoto wanaohitaji kupangiwa kazi na watu wazima. Wengine husema kwamba alikuwa mtu wa wakati wake. Mimi sikubali haraka hivyo, kwa sababu wakati uleule kulikuwa na Waingereza waliokuwa wakipigania haki za Wakongo, na yeye mwenyewe alijua vizuri mfanyakazi anahitaji nini: alikuwa amekijenga kijiji kizima kuthibitisha hilo. Maarifa aliyokuwa nayo Mersey hayakuvuka bahari.

Nyumbani mambo yalikuwa mseto. Mkewe alifariki mwaka wa 1913, miezi michache baada ya safari ya Kongo, na mwezi huohuo wa Julai nyumba yake ya mbao huko Rivington iliteketezwa na Edith Rigby, mwanamke aliyepigania haki ya kura. Alipopewa cheo cha ubwanyenye mwaka wa 1917 aliunganisha jina la marehemu mkewe na lake, akawa Lord Leverhulme. Alikuwa mfupi, mzito wa kusikia, na alikuwa na tabia ya kulala kwenye chumba kisicho na paa, mvua inyeshe au theluji ianguke. Mwaka wa 1920 mchoraji Augustus John alimchora picha asiyoipenda hata chembe. Unajua alifanya nini? Alikata kichwa cha picha akakifungia kwenye sefu yake. Mtumishi wa nyumba, bila kujua, akafunga kiwiliwili kilichobaki akakirudisha kwa mchoraji! Wasanii walikasirika hadi ng'ambo. Vipande hivyo viwili vilikuja kuunganishwa tena.

Mwaka wa 1918 alinunua kisiwa cha Lewis huko Uskoti, na mwaka uliofuata Harris, ili awafanye wenyeji wavuvi wa kisasa wenye viwanda vya samaki. Lakini vijana waliokuwa wakirudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza walikuwa wameahidiwa mashamba. Kisiwa kilikuwa na majonzi pia, maana usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1919 meli ya Iolaire ilizama karibu na bandari ya Stornoway ikiwa na mabaharia waliokuwa wakirejea makwao, na yapata 200 walikufa. Waliosalia walitaka udongo. Lever aliwahutubia, akawaonyesha picha za neema itakayokuja, nao wakampigia makofi, kisha wakaenda kuyavamia mashamba ya Coll na Gress na kugawana. Tajiri wa dunia nzima alishindwa na watu wa ng'ombe wawili watatu. Mwaka wa 1923 alijitoa Lewis akawapa wenyeji kisiwa bure. Watu wa Stornoway walipokea, na amana yao ya ardhi ipo hadi leo, lakini sehemu nyingine nyingi zilikataa. Sisi tunaotoka katika nchi ambayo ardhi imevunja undugu mara ngapi, hatuwezi kushangaa kwamba watu wale walichagua shamba dogo kuliko mshahara mnono.

Kosa lake kubwa la biashara lilikuwa mwaka wa 1920, aliponunua Niger Company ya Afrika Magharibi kwa zaidi ya pauni milioni 8 bila kuvichunguza vitabu vyake sawasawa. Kampuni ile ilikuwa na deni kubwa, bei za mazao zikaanguka, na Lever Brothers ikakaribia kuzama. Benki zikaingilia kati, na mhasibu D'Arcy Cooper akawekwa karibu naye. Mzee aliyezoea kuamua kila kitu peke yake ilimbidi aulize.

Alifariki London tarehe 7 Mei 1925 kwa nimonia, muda mfupi baada ya kurudi kutoka Afrika, akiwa na miaka 73. Alizikwa Port Sunlight, kando ya kanisa alilolijenga. Sehemu ya mali yake ilianzisha mfuko wa Leverhulme, ambao hufadhili wasomi na watafiti hadi sasa. Cooper akashika usukani, na mwezi wa Septemba 1929 akatia sahihi mapatano ya kuungana na Waholanzi wa majarini. Unilever ikaanza kazi rasmi tarehe 1 Januari 1930.

Kampuni hiyo imeendelea kuzua mijadala bila mwenyewe kuwapo. Huko Kodaikanal, India, kiwanda chake cha vipimajoto kilifungwa mwaka wa 2001 kwa sababu ya zebaki, na wafanyakazi wakapata mapatano mwaka wa 2016. Krimu ya Fair & Lovely, iliyowauzia wasichana weusi ndoto ya weupe, ilibadilishwa jina mwaka wa 2020. Hapa Kenya iliingia kwenye chai ya Kericho iliponunua Brooke Bond mwaka wa 1984, ikayauza mashamba hayo mwaka wa 2022. Kimbo ilikwenda kwa Bidco, na Blue Band nayo ikauzwa mwaka wa 2018.

Na Leverville? Mwaka wa 1931, miaka sita baada ya Lever kufa, bei ya chikichi ilishushwa huku kodi ikibaki palepale. Wapende wa Kwilu wakaasi. Mwezi wa Juni walimuua ofisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, na jeshi la koloni likalipiza kwa kuua Wapende zaidi ya 500. Wakati huo fundi wa Kipende alichonga sanamu ya mti ya Balot, ili kuifungia humo roho yake yenye hasira. Sanamu hiyo ilinunuliwa mwaka wa 1972 ikaishia kwenye jumba la makumbusho Virginia, Marekani. Lusanga imerudishiwa jina lake la asili, na wasanii wa huko, ambao ni wafanyakazi na wana wa wafanyakazi wa mashamba ya michikichi, wamejenga jumba jeupe la maonyesho katika ardhi ya Leverville ya zamani. Mwaka wa 2024 sanamu ya Balot ililetwa humo, watu wa Kwilu wakaitazama kwa macho yao. Ililetwa kwa mkopo wa miezi kadhaa.